Fremu Isiyodai Kilemba

Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam walihamishwa mara mbili. Uhamisho mmoja kila mtu anaukumbuka: machinga walitakiwa waondoke kandokando ya barabara, juu ya mitaro na mbele ya maduka ya watu, waende kwenye maeneo waliyopangiwa. Jambo hilo lilitangazwa, likabishaniwa redioni na vijiweni, muda ukaongezwa, kisha meza zikaondoka. Uhamisho mwingine haukutangazwa na mtu. Jumatatu ya tarehe 4 ya mwezi huohuo, ilipopita saa kumi na mbili na nusu jioni, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa mpigo, dunia nzima, zikakaa kimya kwa takriban saa 6.

Jioni ndiyo saa ya biashara hizo. Watu wametoka kazini, wamebanana kwenye daladala na mwendokasi, simu mkononi. Mmoja anaulizia viatu namba 42, mwingine keki ya mtoto ya kesho, mwingine ameshachagua gauni na anasubiri kutumiwa namba ya kulipia. Ghafla picha hazifunguki na ujumbe hauendi. Muuzaji aliyekuwa na wafuasi 20,000 saa kumi na mbili, ilipofika saa moja hakuwa na njia ya kumfikia hata mmoja wao, kwa sababu namba zao za simu hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni majina yao ya Instagram, na majina hayo yalikuwa ndani ya nyumba iliyofungwa.

Baadaye kampuni yenyewe ilieleza kilichotokea. Katika matengenezo ya kawaida ilitolewa amri ambayo, bila kukusudiwa, ilikata mawasiliano kati ya vituo vyake vya data. Seva zinazoutangazia ulimwengu anwani za kampuni zikaona makao hayapatikani, nazo zikaacha kutangaza. Kompyuta zilikuwa nzima na picha za wateja zilikuwa salama, ila hakuna simu iliyojua tena njia ya kufika. Wahandisi nao walichelewa kurekebisha, maana mifumo waliyoitegemea kufanyia kazi hiyo ilizimika pamoja na mingine yote.

Usiku ule maduka na hoteli zenye tovuti zao wenyewe ziliendelea kusomeka kama kawaida. Aliyetaka chumba Arusha alikiona. Aliyetaka namba ya simu ya muuza vipuri aliipata, akapiga.

Hilo ndilo jambo la mazungumzo haya. Kwa miaka mingi watengenezaji wa tovuti wamewaambia wafanyabiashara kwamba tovuti ni fahari, ni kwenda na wakati. Hoja hiyo ni dhaifu, na walioipuuza hawakukosea. Hoja yenye uzito ni kwamba tovuti ndiyo sehemu pekee mtandaoni ambapo mfanyabiashara ana anwani yenye jina lake, na maneno aliyoyaweka yanabaki pale alipoyaweka mpaka ayaondoe mwenyewe.

Anayeijua Kariakoo anajua maana ya anwani. Kupata fremu nzuri, mpangaji hulipa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, mara nyingine ya mwaka mzima. Dalali anachukua chake. Na anayeiachia fremu hudai kilemba, fedha za kuondoka tu, ambazo huweza kuizidi kodi yenyewe. Watu wanalipa hayo yote kwa sababu fremu ndiyo inayomrudisha mteja. Mama aliyenunua vitenge mwaka jana anarudi mlango uleule. Mfanyabiashara wa Lubumbashi au wa Lusaka anayekuja kufunga mzigo anaongozwa na kumbukumbu ya kona, ngazi na rangi ya mlango.

Usiku wa 10 Julai 2021, miezi 3 kabla ya Facebook kuzimika, soko kuu la Kariakoo liliungua. Waliopoteza mali walilia mali. Lakini kulikuwa na hasara nyingine ambayo haikuonekana kwenye moshi: wafanyabiashara walihamishiwa kwingine, na wateja wao wa siku zote hawakujua kwingine ni wapi. Mwenye namba za wateja kwenye simu alipiga moja baada ya nyingine. Ambaye daftari lake liliteketea pamoja na bidhaa alianza upya, kama mtu aliyeshuka mjini jana. Ukurasa mmoja wenye mistari miwili, unaosema soko walilohamia, namba ya kizimba na simu ileile ya zamani, ungewaokolea wengi wateja wao. Nairobi, ambako soko la Gikomba limeungua mara nyingi, wafanyabiashara wanaujua msiba huu vizuri zaidi kuliko mtu yeyote.

Miaka 20 iliyopita hoja hii isingemgusa muuzaji wa kawaida, kwa kuwa mteja wake hakuwa mtandaoni. Kilichobadilisha mambo kimelala chini ya bahari. Kabla ya 2009 mawasiliano ya intaneti ya Afrika Mashariki na dunia yalitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua. Aliyepata kukaa kwenye kafe ya intaneti akisubiri barua pepe moja ifunguke huku dakika zikihesabiwa hahitaji kuelezwa. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, ukiwa umetua Dar es Salaam na Mombasa. TEAMS ulitua Mombasa mwaka uleule, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Hapo ndipo bei zilipoanza kuteremka, simu za mguso zikajaa, na bando likawa bidhaa ya kila kibanda.

Kwa hesabu za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, watu wapatao bilioni 1 duniani walikuwa wakitumia intaneti mwaka 2005. Mwaka 2024 walifika bilioni 5.5, yaani watu 68 kati ya kila 100. Afrika ilikuwa bado nyuma, 38 kati ya 100. Nchini Tanzania, takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, za mwishoni mwa 2024 zilionyesha laini zaidi ya milioni 40 zinazotumia intaneti, katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Zinazohesabiwa hapo ni laini. Mwenye laini 3 mfukoni anaingia mara 3, kwa hiyo idadi ya watu ni ndogo kuliko hiyo. Hata ikikatwa nusu, bado hakuna mtaa wa biashara nchini unaopitiwa na umati wa namna hiyo.

Takwimu lakini hazinunui kitanda. Kinachofaa ni kumwangalia mnunuzi mmoja kwa karibu.

Mnunuzi huyo na awe mwalimu wa Songea, wa kubuni tu, ila kila mtu ana jamaa anayefanana naye. Amepata nyumba ya kupanga, mkewe anahamia mwisho wa mwezi, na anataka kitanda cha mbao ngumu, kwa sababu cha kwanza kilimvunjikia. Ni saa nne usiku. Anaandika kwenye simu: bei ya kitanda cha mninga 5 kwa 6. Maneno hayohayo, bila kupambwa, kama ambavyo angemuuliza fundi uso kwa uso.

Upande wa pili, Keko, Dar es Salaam, kuna mafundi ambao mikono yao inakijua kitanda hicho kama inavyoijua randa. Vumbi la mbao limewatanda kwenye nyusi, harufu ya vanishi imejaa mtaa mzima, na vitanda vilivyokamilika vimesimamishwa wima kando ya njia vikisubiri mnunuzi anayepita. Mmoja wao ana picha 600 kwenye Instagram, nzuri, zilizopigwa asubuhi jua likiwa laini. Chini ya kila picha ameandika maneno mawili: bei inbox.

Mwalimu na fundi wanatafutana na hawaonani. Injini ya kutafuta ni msomaji wa maneno. Inapita kwenye kurasa za dunia, inakumbuka nini kimeandikwa wapi, na mtu akiuliza inamletea ukurasa wenye maneno yanayojibu swali lake. Hata ikiifikia picha ya fundi, itakachokisoma ni kwamba bei iko inbox. Haitajua kwamba mbao ni mninga, kwamba ukubwa ni futi 5 kwa 6, kwamba kuna droo mbili chini, kwamba mafundi wa Keko hupakia mizigo kwenye magari ya mikoani. Fundi anajua yote hayo na hukariri kwa kila mteja, mara 30 kwa siku, mpaka sauti inakauka. Akiyaandika mara moja kwenye ukurasa wake, kwa Kiswahili kilekile anachokisema karakanani, yatamjibu mwalimu saa nne usiku fundi akiwa amelala.

Desturi hii ya bei inbox inastahili kusemwa wazi, kwa sababu inawagharimu wauzaji wengi zaidi kuliko wanavyodhani. Sababu zake zinaeleweka. Jirani akiiona bei anaishusha kwake kwa shilingi 5,000. Mteja akitajiwa ana kwa ana, kuna nafasi ya kupatana, na muuzaji mzoefu humsoma mtu kwa viatu vyake kabla ya kufungua mdomo. Lakini upande wa mnunuzi hali ni nyingine. Anaona aibu kuuliza halafu asinunue. Anahisi atapandishiwa. Anatuma ujumbe, anangoja, muuzaji ana wateja mbele yake, jibu linakuja kesho yake mchana, na kesho yake mchana mnunuzi ameshaipata bei kwingine. Anayeandika "kuanzia shilingi kadhaa, kutegemea mbao na urembo" hajajifunga. Kupatana kupo palepale. Alichokifanya ni kumwondolea mgeni woga wa kubisha hodi.

Na lugha nayo. Wafanyabiashara wengi wa mwambao na bara wakitengenezewa tovuti hukuta imejazwa Kiingereza cha kifahari ambacho hawakukiandika wao na wateja wao hawakitafuti. Kwa Kiingereza, fundi wa Keko anashindana na kila karakana kuanzia India hadi Marekani. Kwa Kiswahili uwanja bado ni mpana. Kurasa za Kiswahili zinazoeleza kitu kinachouzwa, kwa majina yake ya kweli na vipimo vyake, ni chache mno ukilinganisha na watu wanaokiuliza. Mwenye kuandika vizuri leo kuhusu kabati la mninga, pampu ya kisima au mizinga ya nyuki ya kisasa anaweza kuonekana juu kabisa bila kulipia tangazo. Sasa hivi watu wameanza pia kuziuliza programu za akili unde maswali waliyokuwa wakiiuliza Google, na programu hizo huokota majibu yao kutoka kwenye maandishi yaliyomo kwenye wavuti. Kisichoandikwa popote, nazo hazikijui.

Kuna biashara ambazo mteja wake hapiti mtaani kabisa. Mwaka 2024 Tanzania ilipokea watalii wa nje zaidi ya milioni 2. Mtu atakayepanda Kilimanjaro hanunui safari hiyo stendi ya Moshi. Huinunua miezi kadhaa kabla, akiwa kwao München au Toronto, jioni baada ya chakula, akilinganisha kampuni sita au saba. Anataka kujua tofauti ya njia ya Marangu na ya Machame. Anataka kujua kwa nini kampuni moja inamwambia siku 5 na nyingine 7, na kama siku zile mbili zitampa mwili nafasi ya kuzoea hewa nyepesi kabla hajaukaribia urefu wa mita 5,895. Anataka kujua kama bei ina ada za hifadhi, na wapagazi wanalipwaje. Kampuni inayomweleza hayo yote siku kwa siku, kwa picha zake yenyewe za mlima na nyuso za viongozi wake wenyewe, imeshamfundisha na kumpokea kabla hajapanda ndege. Kuna wenye uzoefu wa miaka 20 mlimani ambao hakuna mtu wa Toronto anayejua kama wapo, wakaishia kubeba wateja wa kampuni zilizojua kuandika.

Zanzibar hesabu ni ya shilingi kabisa. Chukua nyumba ya wageni ya vyumba 8 ndani ya Mji Mkongwe, chumba shilingi 120,000 kwa usiku. Mgeni akikaa siku 5 ni shilingi 600,000. Akija kupitia mitandao mikubwa ya kuhifadhi vyumba, kamisheni ya kawaida ni kama asilimia 15, yaani shilingi 90,000. Mtandao umemtafuta mgeni ng'ambo ukamleta mpaka mlangoni bila papasi wala mabango. Fedha hiyo ni halali yake. Ila mgeni amependa. Mwaka unaofuata anarudi na dada yake, vyumba viwili, na kwa kuwa nyumba ile haina ukurasa wa kuhifadhia chumba, anapita njia ileile. Mwenye nyumba analipa shilingi 180,000 kutambulishwa kwa mgeni ambaye amekwisha kunywa chai na mama yake. Kadi ndogo kwenye meza ya chumba, yenye anwani ya tovuti ya nyumba, ingetosha.

Na masoko ya mtandaoni ya namna hiyo hufunga pia. Jumia, iliyoanza Lagos mwaka 2012 na kuingia soko la hisa la New York Aprili 2019, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba ya mwaka huohuo. Muuzaji anayejenga jina lake ndani ya soko la mwenzake hukusanya nyota na maoni mazuri ya wateja kwa miaka, na siku soko likifungwa hayo hayafungwi kwenye boksi pamoja na bidhaa.

Mfano wa upande wa pili uko Ethiopia, na unahusu kiatu ambacho Waswahili wanakijua vizuri. Tanzania Bara huitwa katambuga, Kenya akala: ndala za matairi yaliyochakaa, zinazodumu kuliko gari zilikotoka. Ethiopia nako zipo tangu zamani. Mwaka 2004 Bethlehem Tilahun Alemu, binti wa mtaa wa Zenabwork pembezoni mwa Addis Ababa, alianzisha kampuni ya soleRebels kwa mafundi wa mtaani kwake, akazichukua soli za matairi akazifunika kwa pamba iliyosokotwa na kufumwa kwa mkono. Wakati huo Ethiopia ilikuwa miongoni mwa nchi zenye watumiaji wachache sana wa intaneti. Wateja wake walikuwa kwingine, Ulaya na Amerika, na aliwafikia kwa kuuza mtandaoni, jina la kampuni likitangulia kila kiatu. Baadaye ndiyo maduka ya matofali yakafunguliwa nje ya nchi. Kenya, Ocean Sole imefuata mwendo wa namna hiyo: kandambili zilizotupwa na kuokotwa kwenye fukwe huchongwa kuwa twiga, kasa na vifaru, na mtu aliye mbali na bahari yoyote huagiza kasa wake kupitia tovuti. Katambuga za Kariakoo na Arusha zimetengenezwa kwa ustadi huohuo. Mpita njia anazinunua mbili, anashukuru, anakwenda, na hana mahali pa kumwelekeza rafiki yake.

Kuna suala la kuaminiana, nalo limekuwa kubwa. Kila mwenye simu Tanzania amewahi kupata ujumbe ule: ile hela tuma kwenye namba hii. Matapeli wamehamia pia kwenye picha. Wanachukua picha za duka la kweli, wanafungua akaunti yenye jina linalofanana, herufi moja ikiwa imeongezwa mwishoni, wanashusha bei, wanapokea malipo, wanapotea. Aliyetapeliwa humlaumu mwenye duka ambaye hajui lolote. Duka lenye tovuti iliyosajiliwa kwa jina lake lina mahali pa kusimamia: hizi ndizo akaunti zetu, hii ndiyo Lipa Namba yetu na jina litakalotokea, nyingine zote si sisi. Wapo matapeli wenye tovuti, na alama ya kufuli kwenye kivinjari inaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefungwa kwa siri, haimthibitishi aliye upande wa pili. Hata hivyo jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, linasajiliwa na haliwezi kuwa na wenyewe wawili. Mnunuzi aliyezoea anwani ya duka ana cha kulinganisha.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa wanaotafuta kazi za ofisi na serikali. Tangu 2023 zabuni za umma Tanzania zimehamia kwenye mfumo wa NeST, kwa njia ya mtandao. Kabla ya mkandarasi mdogo kukutana na mtu wa ununuzi ana kwa ana, mtu huyo, au mshirika mkubwa anayetafuta wa kumpa sehemu ya kazi, hulitafuta jina la kampuni mtandaoni ili ajue imewahi kufanya nini. Akikuta picha za daraja dogo lililokamilika, mwaka wake na wilaya yake, na barua pepe yenye jina la kampuni, mazungumzo yanaanzia mbali. Barua pepe ya bure yenye jina la utani na tarakimu za mwaka wa kuzaliwa haimnyimi mtu kazi kwa sheria yoyote, ila inamlazimu kuanza kwa kujieleza.

Kasoro nazo ni nyingi, na anayemshawishi mfanyabiashara bila kuzitaja anamdhulumu. Ya kwanza kwa ubaya ni ya umiliki. Kisa hiki kinasikika kila mji: kijana mtaalamu wa kompyuta anamtengenezea mzee tovuti, anakisajili kikoa kwa jina lake yeye kijana na barua pepe yake yeye, anaweka nywila anazozijua peke yake. Baada ya miaka miwili amepata kazi mkoa mwingine, simu haishiki, muda wa kikoa umekwisha, na mzee hawezi hata kuthibitisha kwamba jina la duka lake ni lake. Kikoa cha .tz, kinachosimamiwa na TCRA kupitia wasajili wake, au cha .ke kinachosimamiwa na KeNIC, kisajiliwe kwa jina la mwenye biashara, kama hati ya kiwanja. Siku mtu anapokwenda kusajili jina la biashara kwa wakala wa usajili, BRELA, ndiyo siku ya kuangalia kama jina hilo bado liko wazi kama kikoa. Ada ya mwaka mzima ya kikoa haifiki kodi ya mwezi mmoja ya fremu Kariakoo, na hakuna wa kudai kilemba.

Nyingine ni uzito. Picha moja kutoka kwenye simu nzuri huweza kuwa na megabaiti 4. Ukurasa wenye picha 15 za namna hiyo unakula bando la mteja kabla hajaona bei, na kwenye mtandao wa kusuasua wa kijijini haufunguki kabisa. Picha hiyohiyo ikipunguzwa hadi kilobaiti 150 macho hayaoni tofauti kwenye kioo cha simu. Mwalimu wa Songea anatumia simu, si kompyuta ya mezani ofisini kwa mtengeneza tovuti, na ukurasa unapaswa kujaribiwa kwenye simu ya bei ndogo, kwenye laini yenye mtandao dhaifu, kabla mtengenezaji hajalipwa fedha yake ya mwisho.

Mikongo ya baharini nayo hukatika. Jumapili ya 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa pamoja, na kwa siku kadhaa intaneti ya Tanzania ilijikokota. Siku kama hizo tovuti iliyohifadhiwa kwenye seva za ng'ambo inakuwa nzito kwa mteja aliye Mbagala, wakati iliyohifadhiwa nchini inaweza kufikiwa bila kuvuka bahari, kwa kuwa kampuni za intaneti za nchini hubadilishana mawasiliano yake humuhumu. Mwenye wateja wa ndani aulize seva iko wapi. Mwenye wateja wa ng'ambo hana haja ya kuhangaika na hilo.

Na wapo wasiohitaji tovuti. Mama ntilie wa jirani na eneo la ujenzi anawajua wateja wake kwa majina na kwa deni. Chakula chake kinaisha saa nane mchana kila siku. Muuza mchicha anayezunguka na baiskeli ana kengele yake. Kuwaambia hao wajenge tovuti ni kuwapotezea fedha. Siku mama ntilie akianza kuchukua tenda za harusi na semina, ndipo mtu wa semina atakapotaka kuona orodha ya vyakula, bei kwa sahani, na picha za shughuli ya mwezi uliopita, na atataka kuziona bila kupanda bodaboda.

Fundi wa Keko aliyeamua leo hahitaji makubwa. Ukurasa mmoja unatosha kuanzia. Jina la karakana, mtaa, na alama ya karibu ambayo dereva wa bajaji anaijua. Vitu 6 anavyovitengeneza zaidi, kila kimoja na mbao yake, vipimo vyake, bei ya kuanzia na siku za kungoja. Namba ya simu inayopigika kwa kubonyeza. Utaratibu wa malipo ya awali, na gharama ya kupakia mzigo wa Songea, Mwanza au Mtwara. Instagram yake aendelee nayo, picha za asubuhi ziendelee, ila kila picha impeleke mtu kwenye ukurasa huo. Na pale ukutani, kwenye kalenda iliyojaa vumbi la mbao ambako amezungushia wino tarehe ya kodi ya fremu, azungushie na tarehe nyingine moja ya kila mwaka, ya kulipia kikoa.